Japani ya uani: siku kumi Shimane na Tottori. Kwa nini kumepoa hivi?

#1 Mshamba_wa_Nagoya

Wakuu, habari za masiku.

Huu ni mwaka wangu wa sita Nagoya kwenye biashara ya magari, na muda wote huo Japani yangu ilikuwa mnada, yadi, bandari, kulala. Wageni wakija nawapeleka Kyoto, tunasukumana kama Mwendokasi ya Kimara saa kumi na mbili asubuhi, tunarudi na picha za visogo vya watu. Novemba iliyopita mke wangu akagoma. "Nataka mahali nitakaposikia kandambili zangu mwenyewe." Mzee mmoja wa yadini akasema nendeni San'in.

San'in ni ile pwani ya kaskazini, kule magharibi ya kisiwa kikuu cha Honshu, inayotazama Korea. Ni mikoa ya Shimane na Tottori. Tottori ndiyo yenye watu wachache kuliko mikoa yote 47, na Shimane inaifuata kwa karibu.

Matsue tulilala siku nne. Kuna ngome ya mbao iliyomalizika mwaka 1611, moja kati ya 12 tu ambazo jengo lake la juu ni lilelile la zamani, siyo zege lililovalishwa mbao. Boti zinazunguka handaki lake la maji. Madaraja mengine ni ya chini hata paa la boti linashushwa, nanyi mnainama mpaka pua iguse goti la jirani. Mke wangu alicheka safari nzima. Asubuhi ziwa la Shinji limejaa vijiboti, mzee mmoja kwenye kila kimoja, anakokota tenga la chuma chini ya maji kuvuna shijimi, vikome vyeusi vidogo kama ukucha. Jioni watu wanakuja kukaa ukingoni kutazama jua likizama, halafu wanaondoka bila neno.

Baada ya hapo Izumo, kisha Omori kwenye migodi ya zamani ya fedha, tukamalizia Tottori mchangani. Kuna siku tulipita mtaa mzima tukakutana na paka wawili na posta.

Sasa swali langu. Nchi ina watu zaidi ya milioni 120, watalii wanamiminika, barabara safi. Kwa nini upande ule kumepoa hivi? Kila niliyemuuliza alinipa jibu lake. Leteni lenu.

#2 Popo_Bawa_Mstaafu

Nimetandika mkeka, wajuzi waje.

#3 Kirikuu_Nyeupe

Jibu ni moja na ni jepesi: Shinkansen haifiki. Ile treni ya mwendo kasi ilifika Okayama mwaka 1972, ikaenda zake Hiroshima na Kyushu kwa upande wa kusini. Ukitaka Matsue unashuka Okayama, unapanda treni nyingine inaitwa Yakumo, inakata milima kama saa mbili na nusu, kona baada ya kona. Mtalii ana siku saba, hawezi kuzimaliza kwenye kona.

Halafu ile Yakumo inatapisha. Wajapani wenyewe waliigeuza jina wakaiita "Hakumo", kwa sababu haku kwao ni kutapika. Nilipanda 2019, nikashuka nikiwa rangi ya mchicha.

#4 Mshamba_wa_Nagoya

@Kirikuu hizo za zamani zimestaafishwa. Mwaka 2024 wameleta mpya, zinainama zenyewe kwenye kona kwa kufuata ramani ya njia. Mke wangu alikunywa chai bila kumwaga. Ila sikatai, safari ni ya mlimani kweli.

#5 Mwalimu_wa_Zamu

Kirikuu anataja matokeo anasema ni chanzo. Tuanze mbali kidogo.

San'in maana yake ni upande wa kivulini wa mlima. Upande wa pili, wenye Okayama na Hiroshima, unaitwa San'yo, upande wa jua. Majina hayo ni ya zamani sana kuliko reli. Lakini msidanganyike na jina. Enzi za mashua, upande wa kivulini ndio ulikuwa barabara kuu. Kulikuwa na majahazi yaitwayo kitamaebune, yanatoka Osaka, yanapita bahari ya ndani, yanazunguka na kupanda pwani hii mpaka Hokkaido, yakibeba mchele na chumvi, yakirudi na samaki wakavu na mwani. Kila bandari yalikotia nanga ilikuwa na matajiri wake. Reli na viwanda vilipojengwa upande wa Pasifiki, biashara ikahama. Ndipo watu wakaanza kuiita pwani hii Ura Nihon, yaani Japani ya uani. Wenyeji waliona ni tusi, siku hizi halitumiki hadharani. Kwa hiyo, mleta uzi, hicho kichwa chako cha habari usikisome kwa sauti ukiwa Matsue.

Pwani yetu tunaijua habari hii. Kilwa ilikuwa nini, na leo ni nini?

#6 Mtaa_wa_Pili

Mwalimu amefungua darasa bila kengele 😂

Mimi niko Osaka, natokea Nairobi. Tottori naijua kwa kichekesho kimoja tu. Ilikuwa mkoa wa mwisho Japani nzima kupata Starbucks, mwaka 2015. Kabla ya hapo gavana wao alisema hatuna sutaba lakini tuna sunaba bora Japani. Sutaba ni hiyo kahawa kwa kifupi chao, sunaba ni uwanja wa mchanga. Siku duka lilipofunguliwa watu walipanga foleni kama ya kadi ya kura. Nanyi mnauliza kwa nini kumepoa?

#7 Daktari_wa_Mawe

Na huo mchanga msiuite jangwa, maana naona mtu atakuja kuuita jangwa. Milima ya Tottori na Shimane ni ya matale kwa sehemu kubwa. Yanaoza, mto Sendai unayabeba hadi baharini, mawimbi na upepo vinayarudisha ufukweni. Kwa maelfu ya miaka umepata vilima vya kilomita 16 kwa urefu wa pwani. Mvua kule inanyesha mwaka mzima na theluji inaanguka juu ya mchanga. Tatizo lao ni majani! Walipanda miti kuzuia mchanga usifunike mashamba, upepo ukapungua nguvu, magugu yakaota, sasa watu wa kujitolea wanakwenda kupalilia ili mchanga ubaki mchanga.

#8 Garissa_Ndogo

Subiri. Kuna ngamia pale, nimeona picha. Wanalipisha watu kumpanda ngamia?

#9 Mtaa_wa_Pili

Wanalipisha hata kupiga picha ukiwa juu yake.

#10 Garissa_Ndogo

Naomba namba ya idara ya uhamiaji.

#11 Bi_Mwanapili

Salaam aleikum. Mimi ni wa Mombasa, tunapanga na dada yangu mwakani inshallah. Sina haja na reli wala majahazi. Mwanamke wa Kiislamu anakula nini huko, na hayo maji moto ya kuogea pamoja tunafanyaje?

#12 Mshamba_wa_Nagoya

@Bi Mwanapili waaleikum salaam dada. Hili tulilijifunza kwa njaa. Kuna siku tulikaa mgahawani mezani dakika ishirini, tukasoma menyu yote, tukaishia kula wali na matango.

Maduka ya halali ni ya kuhesabu. Beba kitu mkononi. Samaki wa kuchoma kwa chumvi wapo kila mahali, na mwezi wa 11 ndio kaa wanaanza, kuanzia tarehe 6. Bei yake utashika kichwa lakini harufu ya kaa wa kuchoma inakurudisha Kilindini. Jihadharini na sosi. Tambi zao za soba, ambazo Izumo ni sifa yao, zinakuja kwenye vibakuli vitatu vyekundu vimepandana. Unamimina mchuzi cha kwanza, ukimaliza unahamishia mchuzi uliobaki cha pili, hivyo hivyo mpaka chini. Mchuzi wenyewe mara nyingi una mirin, ambayo ina kilevi. Ulizeni kabla.

Maji moto: wanawake mbali, wanaume mbali, lakini wote uchi, hakuna khanga. Mke wangu alikataa katakata. Tulipokwenda Tamatsukuri, karibu na Matsue, tukaomba bafu la familia, unalikodi kwa saa moja mnafunga mlango. Akaingia, hakutaka kutoka.

#13 Shemeji_wa_Tanga

Mbona soba za Izumo ni nyeusi? Nilizila Tokyo, zile ni nyeupe nyeupe.

#14 Kirikuu_Nyeupe

Wanasaga nafaka na ganda lake. Kama dona na sembe. Izumo ni dona.

#15 Popo_Bawa_Mstaafu

Maelezo ya mwaka haya.

#16 Mshamba_wa_Nagoya

Hekalu la Izumo nalo lina yake. Mahekalu yote ya Kishinto, dini yao ya asili, niliyozoea unainama mara mbili, unapiga makofi mawili, unainama tena. Nikafanya hivyo, nikageuka kuondoka. Bibi mmoja nyuma yangu akanigusa bega, akaninyoshea vidole vinne. Pale ni makofi manne! Nikarudi nikamalizia deni.

Kwa nini manne? Yule bibi alisema mawili ni yako, mawili ni ya mwenzio, kwa sababu mungu wa pale, Okuninushi, ndiye anayefunga nyuzi za watu na watu.

#17 Bi_Mwanapili

Hilo nimelipenda. Msije na jingine.

#18 Mtaa_wa_Pili

Linakuja jingine. Mwenye nyumba wangu Osaka anasema nne kwa Kijapani ni shi, na shi pia ni kifo. Okuninushi ndiye aliyekuwa na nchi, akaikabidhi kwa ukoo wa mungu wa jua, naye akajengewa jumba kubwa kama malipo. Kwa hiyo makofi manne ni ya kumwambia tulia humohumo usirudi kudai.

#19 Mwalimu_wa_Zamu

Habari ya kukabidhi nchi imo kweli kwenye kitabu chao cha kale, Kojiki, cha mwaka 712. Hayo ya kifo ni nyongeza za vijiweni. Hekalu lenyewe linasema hivi: nane kwao ni namba ya wingi usio na mwisho. Kwenye sikukuu kubwa ya tarehe 14 Mei wanapiga makofi manane. Siku za kawaida sisi wengine tunapiga nusu.

#20 Daktari_wa_Mawe

Pia siyo Izumo peke yake. Hekalu la Usa Jingu, mkoa wa Oita, nao wanapiga manne. Huyo wa Usa hakunyang'anywa nchi, kwa hiyo mwenye nyumba wa Osaka arudi na hoja nyingine.

#21 Shemeji_wa_Tanga

Mimi niliambiwa na kiongozi wa watalii kuwa ni misimu minne ya mwaka. Nikaamini, nikamlipa.

#22 Mshamba_wa_Nagoya

Hahaha, umelipia msimu mmoja mmoja.

Kitu kilichonishika pale siyo makofi. Jengo kuu la sasa ni la mwaka 1744, urefu mita 24, na hilo peke yake linakutosha. Lakini masimulizi ya zamani yalidai lilikuwa mita 48, limesimama juu ya nguzo kama kichanja. Wasomi wengi walisema ni chumvi. Mwaka 2000 wakachimba pale uani wakakuta visiki: magogo matatu ya mti wa sugi yamefungwa pamoja kuwa nguzo moja, upana kama mita tatu. Ni ya karne ya 13. Visiki vyenyewe viko kwenye makumbusho jirani, pamoja na panga 358 za shaba zilizopatikana bonde moja la Kojindani mwaka 1984. Nilisimama mbele ya zile panga nikahesabu mpaka nikachoka.

#23 Popo_Bawa_Mstaafu

Kwa hiyo nguzo zimethibitisha mita 48?

#24 Daktari_wa_Mawe

Hapana. Zimethibitisha nguzo nene. Urefu bado wanabishana. Jengo zito lililo fupi nalo linahitaji nguzo nene.

#25 Mwalimu_wa_Zamu

Turudi kwenye swali la uzi kabla halijazama. Kuna jibu jingine hamjalitaja: mawingu. Jina Izumo linaandikwa "mawingu yanatoka". Na hiyo treni Yakumo watu wengi hudhani imepewa jina la Koizumi Yakumo, yaani Lafcadio Hearn, mzaliwa wa Ugiriki aliyefika Matsue mwaka 1890 kufundisha Kiingereza, akamwoa Setsu, binti wa ukoo wa samurai, akaandika hadithi za mizimu. Siyo. Yakumo ni neno la kwanza la shairi ambalo Kojiki inasema lilitungwa na mungu Susanoo hapo Izumo, nalo linasifu mawingu yanayopanda tabaka kwa tabaka. Kwa hiyo hata mungu alipofika alikuta kumefunga. Msemo wao: sahau bento (chakula cha kubeba), usisahau mwavuli. Majira ya baridi upepo wa Siberia unavuka bahari ukiwa na unyevu, unagonga milima, unamwaga theluji. Nani anapeleka likizo yake huko?

#26 Kirikuu_Nyeupe

Kanazawa nayo iko pwani hiyohiyo, ina mvua hiyohiyo, na msemo wa mwavuli wanao. Shinkansen ilipofika 2015 ikajaa. Narudi palepale #3.

#27 Mwalimu_wa_Zamu

Kanazawa ilikuwa na utajiri wa bwana mkubwa kuliko wote ukimwondoa shogun, mtawala wa kijeshi wa enzi hizo. Siyo mfano sawa.

#28 Kirikuu_Nyeupe

Mwalimu akishindwa anabadilisha mtihani.

#29 Mpemba_Wete

Jamani mie nina langu dogo. Mmetaja Shimane, hamjataja visiwa vya Oki, na ndivyo vilivyonipeleka. Unapanda feri saa mbili na zaidi. Zamani watawala walikuwa wakiwatupa huko mahasimu wao. Mfalme Go-Toba alipelekwa mwaka 1221, akafia hukohuko 1239. Go-Daigo alipelekwa 1332, mwaka wa pili akatoroka. Majabali yake yaone kwa macho, moja linasimama mita 257 kutoka baharini, na juu ng'ombe wanalisha kama hawana habari.

Ila kilichonitoa machozi ni mchezo wa ng'ombe. Wallahi wana mchezo wa ng'ombe kama sisi! Wao wanapambanisha fahali kwa fahali, wenyewe wameshika kamba pembeni wanawapigia kelele. Kwetu ni mtu na ng'ombe, na ngoma, na kina mama wanaimba. Wanasema ulianzishwa kumliwaza yule mfalme aliyefungwa. Wetu wazee wanasema umeachwa na Wareno.

#30 Bi_Mwanapili

Na huo wa Pemba ni wa Wareno kweli? Maana kila kitu pwani tukikosa mwenyewe tunampa Mreno.

#31 Mpemba_Wete

Wengine wanasema ulikuwepo kabla, ulikuwa wa kuombea mvua. Mie nasema wangu babu alikuwa mchezaji hodari, hayo mengine siyajui.

#32 Shemeji_wa_Tanga

Sasa na migodi? Mleta uzi umeitaja ukaikimbia.

#33 Mshamba_wa_Nagoya

Iwami Ginzan. Fedha ilianza kuchimbwa kwa wingi mwaka 1526, mgodi ukafungwa 1923, UNESCO wakauandika 2007. Mwaka 1533 walipata ujuzi kutoka Korea wa kuyeyusha mawe pamoja na madini ya risasi halafu kuitenganisha fedha juu ya majivu, ndipo fedha ikamiminika. Wanahistoria hukadiria kuwa karne ya 17 ilipoanza, Japani ilitoa kama theluthi ya fedha ya dunia, na sehemu kubwa ilitoka hapa. Mdomo wa shimo ukiuona huamini. Mwanamume mzima anaingia ameinama. Mashimo yako zaidi ya 600, na taa yao ilikuwa ganda la konokono wa baharini lililotiwa mafuta. Watu wa pale husimulia kuwa mchimbaji akifika miaka 30 alifanyiwa sherehe kubwa, kwa sababu vumbi lilikuwa linawamaliza mapema. Ukitoka unaendesha baiskeli kushuka kijijini Omori, nyumba za mbao, mto mdogo, kimya. Mke wangu hakusema kitu mpaka tulipofika chini.

@Bi Mwanapili, na Mreno wako yumo. Fedha ya Japani waliibeba kutoka Nagasaki kwenda Makau (Macau) ya China, ndio haohao wa Fort Jesus.

#34 Bi_Mwanapili

Nilijua atatokea.

#35 Mtaa_wa_Pili

Hapo ndipo jibu langu la kweli. Pamepoa kwa sababu kazi iliisha. Fedha iliisha. Chuma nacho: milima ya Okuizumo ndiko walikoyeyusha mchanga wa chuma kwa tanuri za udongo ziitwazo tatara, chuma cha panga za samurai. Vikaja viwanda vya kisasa vikaiua biashara. Vijana wakaenda Osaka. Mwenye nyumba wangu ni mmoja wao.

#36 Daktari_wa_Mawe

Okuizumo kuna raha yake. Walikuwa wanabomoa vilima kuosha mchanga wa chuma, halafu ardhi iliyobaki wakaigeuza mashamba ya mpunga. Unaona vilima vidogo vimesimama katikati ya jaruba; ni vile walivyoviacha kwa sababu vilikuwa na makaburi au hekalu. Na wapo wanaosema joka la vichwa nane alilolilewesha Susanoo akaliua ni hadithi ya chuma, ndiyo maana upanga ulitoka mkiani mwake. Wengine wanasema joka ni mto Hii ukifurika.

#37 Popo_Bawa_Mstaafu

Wengine wanasema ni joka.

#38 Kirikuu_Nyeupe

Bila kusahau: kule mashambani kila mkulima ana Suzuki Carry nyeupe. Kirikuu, wakuu! Nilisimama kando ya barabara nikahesabu kumi na moja. Mzee akaniuliza natazama nini. Nikamwambia gari lako hili likichoka linakuja kwetu kubeba matofali. Akalipiga bodi kofi, akasema lisubiri kwanza afe yeye.

#39 Mshamba_wa_Nagoya

Hili la Kirikuu nalo ni jibu la swali langu, sijui kwa nini.

Bi Mwanapili, msikose makumbusho ya Adachi pale Yasugi. Bustani yake huiingii, unaitazama kwa madirisha, na madirisha mengine yamekatwa kama fremu ya picha. Mwanzilishi wake alikuwa mtoto wa mkulima, aliwahi kuvuta mkokoteni wa makaa, akaifungua 1970 akiwa na miaka 71. Wafanyakazi wote wanafagia kila asubuhi, hadi wa ofisini.

#40 Shemeji_wa_Tanga

Treni ya kulala kutoka Tokyo bado ipo?

#41 Kirikuu_Nyeupe

Ipo. Sunrise Izumo. Inatoka Tokyo karibu saa nne usiku, unafika Izumo karibu saa nne asubuhi. Okayama alfajiri inakatwa vipande viwili, nusu inakwenda Shikoku, kwa hiyo angalieni mko behewa gani. Kama mfuko umetoboka chukua nobinobi, unalala kwenye zulia hulipii kitanda. Tiketi zinafunguliwa mwezi mmoja kabla, saa nne asubuhi, na zinaisha haraka. Ukilala umelala.

#42 Bi_Mwanapili

Naufufua uzi. Tumerudi. Tumepiga makofi manne, mawili yangu mawili ya mtu nisiyemjua bado. Dada amekula kaa mpaka akasahau bei. Boti ya Matsue tuliinama vizuri. Mwavuli tumeuacha kwenye treni.

#43 Popo_Bawa_Mstaafu

Na bento?

#44 Bi_Mwanapili

Bento tulikula kabla ya Okayama.